Ng'ombe Alikuja na Nani? Ushahidi wa Mifupa, Vigae na Maneno

Kila asubuhi maziwa hushuka kutoka malisho ya Gishwati hadi Gisenyi, na mengine huvuka mpaka kwenda Goma. Kwetu ng'ombe ni jambo la kila siku, hata mtu huweza kudhani kwamba alizaliwa pamoja na milima hii. Sivyo. Mababu wa porini wa ng'ombe, kondoo na mbuzi hawakuishi katika eneo la Maziwa Makuu. Mifugo hii ililetwa. Swali la nani aliileta linaonekana kuwa la darasani tu, lakini nchini Rwanda jibu lake liliwahi kutumiwa kuhalalisha mauaji. Katika insha hii nalinganisha jibu la wakoloni na ushahidi wa akiolojia.

Jibu la wakoloni lilikuwa fupi. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu chanzo cha mto Nile, John Hanning Speke alidai kwamba watawala wa eneo hili walikuwa wageni wenye asili ya Ethiopia. Mwaka 1933 Padri Pagès alichapisha kitabu kuhusu Rwanda ya kando ya Ziwa Kivu, akaiita nchi hii ufalme wa Kihami. Katika simulizi hiyo, Watutsi walifika kama kabila moja la wafugaji, wakiwa na ng'ombe wao, wakawakuta wakulima na kuwatawala. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho. Matokeo yake tunayajua. Tarehe 22 Novemba 1992, pale Kabaya, wakati huo sehemu ya mkoa wa Gisenyi, Léon Mugesera alihutubia mkutano akisema kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia na kwamba watarudishwa huko kupitia mto Nyabarongo.

Je, mifupa inasema nini? Ushahidi wa zamani zaidi wa mifugo katika Afrika Mashariki unatoka kandokando ya Ziwa Turkana. Huko Dongodien imepatikana mifupa ya mifugo yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Ng'ambo ya ziwa, katika makaburi ya Lothagam Kaskazini, wafugaji wa mwanzo walizika watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake na watoto, wakiwa wamepambwa bila dalili za tabaka la watawala. Kwa hiyo ufugaji peke yake haukuleta wafalme.

Kutoka Turkana mifugo haikuenda kusini kwa mbio. Ilichukua karne nyingi kabla ya ufugaji kustawi katika nyanda za juu za Kenya na kufika Luxmanda, kaskazini mwa Tanzania, yapata miaka 3,000 iliyopita. Mwanaakiolojia Diane Gifford-Gonzalez alieleza kwamba huenda magonjwa, yakiwemo yanayoenezwa na mbung'o, yaliwazuia wafugaji. Huko Gogo Falls, karibu na Ziwa Viktoria upande wa Kenya, mifupa ya ng'ombe na ya mbuzi au kondoo imekutwa pamoja na ya samaki na wanyama wa porini. Watu wa hapo walifuga, walivua na waliwinda. Utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2019, uliohusu watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba wafugaji hao walitokana na kuchanganyika kwa jamii mbalimbali, kwa hatua kadhaa.

Kwetu Rwanda kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu udongo wetu wenye asidi huiozesha mifupa. Kilichobaki kwa wingi ni vigae. Mwaka 1957 Jean Hiernaux na Emma Maquet walichapisha utafiti kuhusu ufinyanzi wa kale wa Ruanda-Urundi na Kivu, ufinyanzi ambao leo huitwa Urewe. Waliofinyanga vyungu hivyo waliyeyusha chuma na kulima nafaka. Ukosefu wa mifupa katika makazi yao haumaanishi kwamba hawakuwa na mifugo. Kaskazini yetu, huko Ntusi nchini Uganda, kuanzia karne ya 11 hivi mifupa ya ng'ombe imerundikana kwa wingi mno, na hapohapo kuna mawe ya kusagia nafaka. Mfugaji na mkulima waliishi mahali pamoja, na pengine alikuwa mtu mmoja.

Maneno nayo ni ushahidi. Sisi husema inka, watu wa Nkore husema ente, na Kiswahili husema ng'ombe. David Schoenbrun, katika kitabu chake cha mwaka 1998, anaonyesha kwamba wasemaji wa lugha za Kibantu za Maziwa Makuu walijifunza maneno mengi ya ufugaji kutoka kwa majirani wa lugha nyingine. Neno hukopwa pale watu wanapokaa pamoja, wanapobadilishana mali na kuoana.

Kwa hiyo, ng'ombe alikuja na nani? Naona kwamba alikuja na wengi, kwa njia nyingi na kwa muda mrefu. Jino la ng'ombe likifukuliwa huweza kutuambia umri wa mnyama na malisho yake. Haliwezi kutuambia kabila la mwenye zizi.

Hata hivyo, nina tahadhari moja kwa wenzangu. Tusifurahie ushahidi huu kana kwamba ndio unaotupa haki ya kuishi hapa. Kesho mtu anaweza kuchimba na kupata tarehe nyingine. Kosa la hotuba ya Kabaya halikuwa tarehe tu. Lilikuwa kudhani kwamba aliyefika mwisho anaweza kufukuzwa au kuuawa. Tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umekuwa ukigawa ng'ombe kwa familia maskini, na anayepewa humpa jirani ndama jike wa kwanza. Naamini hata zamani ng'ombe wengi walisafiri hivyo: kutoka zizi la mtu hadi zizi la jirani yake.