Mabinti Ambao Hatuwataji

Ukifungua balo la mivumba pale Owino, siku moja moja unakutana na koti la kijeshi la madoadoa katikati ya suruali na magauni. Halitundikwi. Sheria ya Uganda inamkataza raia kuvaa nguo za jeshi, kwa hiyo muuzaji analikunja haraka na kuliweka mbali. Mwaka jana nilikuwa nasaidia kuchagua nguo kwenye kibanda cha mama mmoja wa Kivu, koti la namna hiyo likatoka. Mama akalishika mabegani, akalipima kwa macho, akasema tu: "Wangu alikuwa mwembamba kuliko hili."

Miaka yote tuliyojuana, sikujua kama alizaa binti. Vijana wake nilikuwa nawajua wote, hata yule aliyekufa vitani.

Ndugu msomaji, tuseme ukweli. Mtoto wa kiume akienda vitani tunamhesabu. Wa kike tunamficha, hata ndani ya nyumba yetu.

Na si kwamba hawakuwepo. Kampala hii iliwaona. Vita ya NRA ilianza Kabamba mwaka 1981, na Januari 1986 wapiganaji wakaingia mjini, wanawake wakiwa kati yao na bunduki zao. Proscovia Nalweyiso alijiunga nao kule porini, akaongoza kikosi cha wanawake, na baadaye akawa jenerali. Lakini jenerali mmoja hasemi habari za nyumba zote. Kijana akirudi na kilema anaitwa shujaa. Msichana akirudi, jirani anauliza alikuwa analala wapi, na nani.

Kwetu Kongo ilikuwa vile vile. Katika vita ya 1996 na zile zilizofuata, wasichana walibeba silaha, wakapika, wakachota maji, na wengi wakafanywa wake za makomanda kwa nguvu. Mpango wa kurudisha wapiganaji kwenye uraia ulipoanza mwaka 2004, wengi wao hawakufika. Mara nyingi mwenye kuonyesha bunduki ndiye alihesabiwa mwanajeshi, na komanda alisema huyu si askari, ni mke wangu. Wengine walikaa kimya wenyewe kwa kuogopa aibu. Basi mzazi hakupata karatasi, hakupata mwili, na matanga hakuyakalia, maana atalia nini kama bado anangoja?

Kuna wazazi waliokataa kunyamaza. Oktoba 1996, waasi wa LRA waliteka wasichana 139 kwenye shule ya St. Mary's, Aboke, kaskazini mwa Uganda. Sista Rachele Fassera aliwafuata kwa miguu porini akarudi na 109. Wakabaki 30. Wazazi waliunda chama chao, wakakutana kusali na kusema majina ya watoto hadharani. Mmoja wao, Angelina Atyam, aliambiwa na waasi kwamba akinyamaza, binti yake ataachiliwa. Akajibu kwamba wote ni watoto wake, waachiliwe wote. Fikiria kurudi nyumbani na jibu hilo, na kitanda cha mtoto kiko pale. Binti yake alitoroka mwaka 2004, naye tayari ni mama.

Sisemi kila mzazi awe kama Angelina. Wengine wakisema, watoto waliobaki nyumbani watachekwa, na kambi ina masikio. Lakini wale wazazi wanatufundisha jambo moja: uchungu huu ukifungiwa ndani ya nyumba moja unaivunja, ukibebwa na wengi unabebeka.

Kwa hiyo ninyi mnaotuandikisha, mkiuliza familia ilipoteza nani, msiishie kwa baba na kaka. Ulizeni taratibu, mkiwa peke yenu na mama, kama kuna binti. Na sisi majirani, tuache lile swali la alilala na nani.

Siku ile nilimuuliza mama jina la mtoto wake. Siliandiki hapa, ni lake. Alilitaja, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunisimulia.