Manahodha Wawili Chini ya Mont Blanc

Wahenga wetu wa pwani walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii ya baharini ilipata ushahidi mchungu mahali pasipo bahari: katika handaki la barabara lipitalo chini ya mlima Mont Blanc, baina ya Chamonix, Ufaransa, na Courmayeur, Italia.

Handaki hilo, lenye urefu wa kilomita 11.6, lilifunguliwa mwaka 1965. Njia ilikuwa moja, walinzi wawili: kampuni ya Kifaransa mlango huu, ya Kiitalia mlango ule, kila moja na chumba chake cha uangalizi. Siku za salama, ulinzi huo ulionekana kutosha.

Tarehe 24 Machi 1999, lori lililopakia majarini na unga liliingia kutoka Ufaransa, likaanza kufuka moshi, na likasimama karibu na katikati ya handaki. Likawaka. Magari yaliyolifuata yakakwama nyuma yake. Vipima moshi vilitoa ishara, na baada ya dakika chache milango yote miwili ikafungwa. Macho, basi, yalikuwapo. Iliyokosekana ni amri moja. Upande wa Italia, mfereji ambao ungeweza kugeuzwa ufyonze moshi uliachwa ukipuliza hewa safi, na moshi ukazidi kuelekea Ufaransa, uliko msururu wa magari yaliyokwama.

Moto uliwaka kwa saa 53. Watu 39 walikufa, wengi wao wakiwa ndani ya magari. Miongoni mwao alikuwamo Pierlucio Tinazzi, mlinzi wa upande wa Italia, aliyeingia kwa pikipiki kuwasaidia wasafiri. Alifia katika chumba cha kujihifadhi pamoja na dereva mmoja. Vyumba hivyo vilikuwa na milango ya kuzuia moto kwa saa chache, lakini havikuwa na pa kutokea.

Askari wa zimamoto walionaswa humo waliokolewa kupitia mfereji wa hewa ulio chini ya barabara. Kumbe njia ya uokovu ilikuwapo miaka yote hiyo, chini ya magurudumu.

Handaki lilipofunguliwa tena mwaka 2002, vyumba vya kujihifadhi vilikuwa vimeunganishwa na mfereji huo, na uendeshaji umewekwa chini ya mamlaka moja. Magari yalitakiwa yaachane mita 150, na malori yakaja kupimwa joto kabla ya kuingia. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulitoa masharti ya usalama kwa mahandaki yazidiyo mita 500 katika barabara zake kuu. Mwaka 2005 mahakama ya Bonneville iliwatia hatiani watu na kampuni kadhaa.

Hukumu hiyo haikumrudisha hata mmoja wa wale 39. Lakini apitaye leo chini ya mlima ule hupita kwa fadhila yao: kila mlango wa dharura aupitao ubavuni mwa barabara ulifunguliwa kwa roho zao.