Mlango wa Mataifa Katika Nchi ya Kinyaga

Mapadri Weupe walipoweka misheni yao Mibirizi mwaka wa 1903, katika nchi ya Kinyaga, ambayo sehemu yake leo ni wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, waliwakuta watu ambao mila yao haikuijua tohara wala Torati. Na lau si shauri lililokatwa na mitume Yerusalemu yapata mwaka wa 49, watu hao wasingalikuwa na njia ya kuingia katika dini ya Kristo ila kwa kufanywa Wayahudi kwanza.

Shauri lenyewe halikuwa jepesi. Petro aliingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi wa Kaisaria, akaamuru abatizwe pamoja na jamaa zake. Hata hivyo Antiokia, alikokuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, walipofika wajumbe kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa Kanisa la Yerusalemu, alijitenga na Mataifa hao kwa hofu, hata Paulo akamlaumu hadharani. Barazani Yerusalemu, Yakobo ndiye aliyehukumu kwamba Mataifa wasitaabishwe, bali wajiepushe na najisi za sanamu, na zinaa, na nyama iliyosongolewa, na damu.

Kwa mwelekeo uo huo, Kardinali Lavigerie, aliyeliasisi shirika la Mapadri Weupe mwaka wa 1868, aliwaamuru waseme lugha ya wenyeji, wale chakula chao na kuvaa kama wao. Tena alihuisha desturi ya Kanisa la kale, mkatekumeni afundishwe miaka minne kabla ya ubatizo. Makatekista waliofuatana nao Rwanda walikuwa Waganda, ambao wazee wao hawakuwa wamelisikia jina la Yesu. Lakini mzigo ulikuwapo: kuacha kubandwa, yaani ibada ya mizimu ya Ryangombe, na mwenye wake wengi kubaki na mmoja; na huu wa pili, kwa maoni yangu, uliwaelemea zaidi wanawake walioachwa.

Ikulu ya mfalme wa Rwanda huko Nyanza ilitaka wageni hao wawafundishe Wahutu tu, na kwa hiyo walioitikia kwanza walikuwa wengi wao raia wanyonge. Mwami, yaani mfalme, Yuhi Musinga alikataa ubatizo. Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala nchi wakati huo, wakamwuzulu Novemba 1931, wakamhamishia Kamembe, papa hapa Kinyaga, naye mwanawe na mrithi wake Rudahigwa akabatizwa mwaka wa 1943. Wakati huo machifu walikuwa wamekwisha kumiminika makanisani, kwa kuwa mtawala Mbelgiji aliwapendelea Wakristo katika kugawa vyeo, na ubatizo, ambao Paulo aliupigania usitanguliwe na sharti lolote la kabila, ukawa wenyewe sharti la kupata madaraka.