Porojo za Mafundi wa Kompyuta

Hapa Miburani, mtu akikuuliza mlikuwa mnafanya nini pale chini ya mwembe tangu alasiri, utamjibu, "Hamna, tunapiga soga tu." Hilo neno "tu" ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tumelizoea mno. Kazi ni kazi, soga ni soga tu, na anayeandika historia hupita palipo na kazi akaacha soga ipeperuke kama moshi wa sigara.

Chukua historia ya kompyuta katika nchi yetu, ndugu msomaji. Mwaka 1965 mashine ya kwanza, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ila kwa kibali maalumu. Baadaye mlango ukaanza kulegezwa kidogo kidogo. Ukisoma maandiko mengi utakutana na hayo: mashine, tarehe, sera. Lakini wale waliokuwa wakiihudumia ile mashine, walipokuwa wakingoja imalize hesabu zake, walizungumza nini? Simba na Yanga? Bei ya sukari? Bosi gani kanuna? Hatuna hata mstari mmoja.

Mtu atasema, sasa hayo ya nini? Mimi namwambia avuke aende Jibondo, kile kisiwa cha kusini kinachosifika kwa kuunda majahazi. Fundi pale hana mchoro wa karatasi. Mkuku unalazwa, mataruma yanasimamishwa kwa jicho, mbao zinapigwa kalafati, na muda wote huo mdomo haufungwi. Wanazungumza ndoa ya fulani, wanazungumza jini la baharini, wanazungumza chombo kilichovuja mwaka ule kwa sababu mwenyewe alikuwa bahili wa pamba. Kijana anayeshikilia ubao anacheka, na huku anacheka ameshajua pamba inatakiwa kiasi gani. Hakuna aliyemwambia "leo tunafundishwa kalafati".

Watunga programu nao ni mafundi wa namna hiyo hiyo. Kazi yao haionekani kwa macho, ya mikono ni kidogo na ya kichwa ni nyingi, kwa hiyo porojo kwao ni kama maji kwa mkulima. Tena nathubutu kusema kwamba vitu vyao kadhaa ambavyo dunia nzima inavitumia havikutoka katika kazi waliyotumwa. Vilitoka pembeni.

Hebu tuende Pittsburgh, Marekani, Septemba 1982. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wataalamu wa kompyuta walikuwa na mahali pa kuandikiana ujumbe ndani ya mashine zao, wakisomana wote. Kazi ilikuwemo, na upuuzi ulikuwemo. Siku moja mmoja wao, Neil Swartz, akauliza fumbo: tuseme ndani ya lifti kuna mshumaa unaowaka na tone la zebaki sakafuni, kisha kamba ya lifti ikatike, lifti ianguke, mshumaa utakuwaje, na zebaki itakuwaje? Swali la watu wenye nafasi, bwana! Lakini wakalivamia. Mwingine, Howard Gayle, akatia chumvi: akabandika tangazo la onyo kwamba kutokana na jaribio la fizikia, lifti ya kushoto imechafuka kwa zebaki na imeungua kidogo. Alikuwa anatania. Wako waliosoma juu juu wakadhani ni kweli.

Hapo ndipo soga ikageuka kuwa tatizo la kitaalamu. Ukiwa barazani, mtu akitania unamwona usoni. Katika maandishi uso haupo. Wakaanza kubishana ni alama gani iwekwe ili mzaha ujulikane ni mzaha. Huyu anataka nyota, yule anataka alama ya asilimia. Tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman akapendekeza nukta mbili, kistari na mabano: :-) kwa mzaha, na :-( kwa jambo lisilo mzaha. Lazima uinamishe kichwa upande ili uone kile kiuso. Leo mtoto wa darasa la tatu akishika simu ya mama yake anatuma vikatuni vya kucheka na kulia bila kujua kwamba ukoo wao unapita kwenye lifti iliyosingiziwa zebaki.

Na sehemu inayonigusa zaidi ni hii. Ujumbe wenyewe ulipotea. Kwa miaka karibu 20 watu walisimulia tu, ati Fahlman aliandika hivi, wengine wakabisha. Ndipo mwaka 2002 wakatafutwa watu wa kuzifukua kanda za zamani za akiba, wapate na mashine ya kuzisoma, na porojo yote ikaibuka nzima nzima, pamoja na zebaki yake. Chuo kiliweka akiba ya kila kitu bila kuchagua. Wangechagua, nina hakika yale ya lifti wangeyatupa kwanza.

Uingereza nao wana ya kwao, na ni ya kahawa, kwa hiyo sisi watu wa barazani tunaielewa upesi. Katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge kulikuwa na birika moja la kahawa karibu na chumba kilichoitwa Trojan Room. Waliokaa ghorofa nyingine walikuwa wakiteremka ngazi na kukuta birika tupu. Mwaka 1991 Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaelekeza kamera kwenye birika, na picha yake ndogo isiyo na rangi ikawa inaonekana katika kompyuta za wenzao. Hawakutumwa na mtu. Mwaka 1993 picha ikaingia kwenye wavuti, na watu wa nchi za mbali wakawa wanatazama birika la watu wasiowajua. Kamera ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001, birika likanadiwa, gazeti la Kijerumani Der Spiegel likalinunua. Kwetu muuza kahawa anagonganisha vikombe, unajua ipo. Wao iliwabidi watunge programu.

Lakini nisikudanganye kwamba soga ni asali tupu. Mwenye kujua hilo kwa uchungu ni David Kobia, Mkenya mtunga programu aliyekuwa akiishi Alabama. Alikuwa na uwanja wa mazungumzo wa Wakenya kwenye intaneti uitwao Mashada: mpira, mapenzi, siasa, matusi ya utani. Ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 na vurugu zilizofuata, ambazo tume ya Jaji Waki ilihesabu waliouawa kuwa 1,133. Yale yaliyokuwa masihara ya kabila kwa kabila yakawa si masihara tena. Ile alama ya mabano haikufaa kitu pale. Mwishoni mwa Januari 2008 Kobia akaufunga uwanja, na akaanzisha mahali pengine alipopaita I Have No Tribe, yaani sina kabila.

Na mwezi huo huo Kobia alikuwa katika jambo jingine. Mapema Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari za ghasia, aliwauliza mafundi waliokuwa wakimsoma kama wapo wa kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ambapo watu wanashambuliwa. Kwa siku chache tu Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao, huyu yuko nchi hii na yule yuko nchi ile, wakaijenga Ushahidi. Mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Mimi naliona hivi: watu wasingeweza kujenga haraka vile kama wangekuwa ndiyo kwanza wanajuana. Kujuana kulishafanyika zamani, katika maneno ya kijinga.

Turudi nyumbani. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Sifa zimeandikwa, na zinastahili. Ila mwenye kukijua Kiswahili anajua kwamba neno jipya halikubaliki bila ubishi. Kile kidude cha mkononi ni kipanya, puku, au mausi? Mashine yenyewe ni kompyuta, ngamizi au tarakilishi? Vitabu vya shule Kenya vimeshika tarakilishi, Bongo ukiitamka unaulizwa, "Nini?" Mimi ningetoa chochote nisikie kicheko cha kwanza mezani neno lilipotajwa likashindwa. Hicho kicheko ndicho historia ya lugha yetu, kamusi ni hati ya mazishi tu.

Halafu tukafika mahali soga ikahitaji leseni. Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha Jambo Forums mwaka 2006, ikawa JamiiForums mwaka 2008, na mwaka huo huo walikamatwa. Ilikuwa baraza kwelikweli: huku ufisadi, kule mapishi, kule kijana anauliza programu yake imegoma kwa nini na anajibiwa na mtu asiyemjua. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikadai usajili na ada za mamilioni ya shilingi, na Juni ya mwaka huo JamiiForums ikafunga milango kwa muda. Chini ya mwembe wetu hakuna aliyewahi kudaiwa risiti ya kuzungumza. Ila mwembe nao hauweki akiba, na hapo ndipo ninapokwama.

Maana vijana wetu wanaotunga programu sasa hivi wanapiga soga kwenye makundi ya simu. Simu ikidondoka baharini kutoka kwenye boti ya Nyamisati, miaka mitatu ya porojo imekwenda. Hakuna kanda, hakuna chuo. Ninamjua mmoja, mtoto wa hapa hapa, yuko katika kundi la mafundi wenzake wa Dar. Nilimwomba wanikubalie ninakili mazungumzo yao yote kabla hajabadilisha simu. Akawauliza wenzake, wakakubali, ila kwa sharti: kwanza wafute mizaha, wabakize ya kazi ili yasomeke.

Nimewaambia wafanye kinyume chake. Bado wanabishana.