Vumbi Lisilotoka Kifuani

Reli ya Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mawe. Tawi hilo la takriban kilomita 210, linaloanzia Kaliua, lilitandikwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kubeba madini ya risasi kutoka mgodi wa Mukwamba, uliokuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Treni ikabaki, na sisi tuliozaliwa baadaye tukaijua kama treni ya abiria na mazao.

Historia ya migodi huandikwa kwa tani na mabehewa. Nikiwa mwanafunzi wa uzamili katika historia, na mtoto wa Mpanda, napenda kuiandika kwa mapafu.

Mwamba ukilipuliwa, hutoka vitu viwili vinavyoingia kifuani: moshi wa baruti, wenye gesi za naitrojeni, na vumbi la silika. Maabara zimevichunguza vyote viwili, na majibu yake hayafanani.

Tuanze na gesi. Mwaka 1975 Michael Evans na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya panya waliovutishwa naitrojeni dioksaidi. Gesi hiyo iliharibu seli nyembamba za vifuko vya hewa, zile ambazo oksijeni hupenya kuelekea kwenye damu. Lakini seli nene za jirani, zinazotengeneza ute unaozuia vifuko visinywee, zilianza kugawanyika. Watoto wake wakatandaa, wakawa seli nyembamba mpya. Pafu lilikuwa limejiziba viraka.

Mwaka 2013 maabara ya Brigid Hogan, katika Chuo Kikuu cha Duke, ilikwenda mbali zaidi. Watafiti waliziwekea seli hizo nene alama ya kijenetiki ndani ya panya wadogo, wakafuatilia uzao wake. Zilijizalisha zenyewe na kuzaa seli nyembamba pia, jambo linalozipa haki ya kuitwa seli shina. Mwaka mmoja kabla, 2012, mwaka ule ule Katavi ilipokuwa mkoa, madaktari wa Marekani walikuwa wameripoti habari ya mwanamke aliyeondolewa pafu moja kwa sababu ya saratani. Miaka 15 baadaye, pafu lililobaki lilikuwa limeotesha vifuko vipya.

Basi kwa nini mchimbaji hapone?

Kwa sababu gesi hupita, vumbi hukaa. Chembe ya silika inapofika ndani kabisa ya pafu, seli ya ulinzi huimeza. Haiwezi kuisaga. Seli hufa, chembe inatoka ikiwa nzima, na mlinzi mwingine anakuja kuimeza. Kila kifo huita uvimbe, na uvimbe huita kovu. Seli shina hazijaisha. Zinatakiwa kujenga nyumba ambayo moto wake haujazimwa. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na humfungulia kifua kikuu mlango. Dawa za kifua kikuu zinaua bakteria, lakini haziondoi kovu wala jiwe.

Hayo hayakuwa siri. Mwaka 1930, Shirika la Kazi Duniani liliitisha mkutano wa kimataifa kuhusu silikosisi mjini Johannesburg, kwenye kitovu cha migodi ya dhahabu. Wakati huo tayari ilijulikana kwamba kumwagia mwamba maji wakati wa kuutoboa hupunguza vumbi. Elimu hiyo ilikuwepo kabla reli yetu haijafika Mpanda.

Leo dhahabu ya Katavi inatafutwa zaidi na wachimbaji wadogo. Mawe yanapondwa kwa nyundo na kusagwa kwenye makarasha, mara nyingi yakiwa makavu, na anayesaga hujifunga kitambaa puani. Maji huko machimboni hubebwa kwa madumu; ya kwanza ni ya kunywa, ya pili ni ya kuchenjulia. Ya kutuliza vumbi huwa hayajabaki.

Nasoma habari za seli shina kwa furaha, na sidhani ni sayansi ya watu wa mbali. Inatuonyesha kwamba pafu linajua kujitengeneza likipewa nafasi. Ila tiba hiyo itakapotoka maabara, haitamsaidia mtu ambaye kesho asubuhi anarudi kwenye karasha lile lile. Kwake, dumu moja zaidi la maji ndilo linalotangulia.