Nani Mwenye Neno la Mwisho? Historia ya Upakiaji wa Mafaili ya Usanidi katika PostgreSQL, 2005–2024

Sehemu hii inachunguza jinsi mamlaka ya kupakia mafaili ya usanidi wa seva ya hifadhidata yalivyobadilika katika PostgreSQL. Hoja ya msingi ni kwamba mabadiliko hayo, ingawa yalitolewa kama nyongeza ndogondogo za kiufundi, yaligusa mipaka ya madaraka baina ya msimamizi wa mashine na mtumiaji mkuu wa hifadhidata.

Toleo la 8.0, la Januari 2005, lilileta vigezo vya config_file, hba_file na ident_file. Tangu hapo msimamizi aliweza kuyatenga mafaili ya usanidi na saraka ya data, na kuyaweka chini ya /etc pamoja na ya huduma nyingine. Toleo la 8.2 (2006) liliongeza agizo la include, na la 9.3 (2013) likaongeza include_dir, linalosoma mafaili ya saraka nzima kwa mfuatano wa majina. Kigezo kinapotajwa mara mbili, thamani iliyosomwa mwisho ndiyo hutumika. Kwa hiyo, mpangilio wa kusoma ukawa ndio mpangilio wa mamlaka.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na toleo la 9.4, Desemba 2014. Kwa amri ya ALTER SYSTEM, mtumiaji mkuu aliweza kubadili usanidi akiwa ndani ya hifadhidata, bila kuingia katika mashine. Maagizo yake huhifadhiwa katika postgresql.auto.conf, faili linalosomwa baada ya postgresql.conf. Aliyesimamia seva kutoka mbali alinufaika. Lakini aliyetunza usanidi kwa zana za kiotomatiki aliweza kuhariri faili lake kwa usahihi, kisha seva isifuate. Toleo la 9.5 (2016) lilipunguza utata huo kwa pg_file_settings, jedwali la mwonekano linaloonyesha kila agizo limetoka faili gani na mstari gani, na kama linaweza kutumika.

Hatari ya kuacha mipaka hiyo wazi ilidhihirika kwingine. Mwaka 2016, udhaifu wa MySQL uliopewa namba CVE-2016-6662 ulionyesha kwamba mshambulizi aliyemo ndani ya hifadhidata aliweza, katika mazingira fulani, kupenyeza agizo katika my.cnf na kuifanya seva ipakie maktaba hasidi inapowashwa upya.

Hatimaye toleo la 17 (Septemba 2024) lilileta allow_alter_system, kigezo kinachomwezesha msimamizi kuizima amri ile. Hata hivyo, nyaraka rasmi zinaonya kwamba hiki si kipengele cha usalama, kwa kuwa mtumiaji mkuu bado ana njia nyingine za kubadili usanidi. Kigezo hiki, basi, hakijengi ukuta; kinatamka wajibu wa usanidi ni wa nani. Hivyo basi, mtafiti anayetaka kujua nani alitawala seva katika kipindi fulani hana budi kuanza na swali moja: ni faili lipi lilisomwa mwisho, na nani aliruhusiwa kuliandika?