Dakika Chache za Kunyoosha Viungo Kazini: Ni Mali ya Nani?

Mwanafiziolojia wa Urusi, Ivan Sechenov, alikuwa amevuka umri wa miaka 70 alipoufanyia majaribio mwili wake mwenyewe, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliketi mbele ya mtambo wa kupima nguvu za misuli, akavuta uzito kwa mkono wa kulia, tena na tena, hadi mkono ukalegea. Kisha akapumzika kwa namna mbili: safari moja alitulia tuli, safari nyingine aliuacha mkono wa kulia na kuufanyisha kazi wa kushoto. Mkono wa kulia ulirejewa na nguvu zaidi pale wa kushoto ulipokuwa ukifanya kazi. Ugunduzi huo ndio uliokuja kuwa hoja kuu ya Wasovieti walipoingiza mazoezi ya viungo viwandani: mashine zinaachwa kwa dakika chache, watu wanasimama palepale, wanainua mikono na kugeuza viuno. Msingi huo ni imara. Msuli uliokazwa mahali pamoja kwa muda mrefu hubana mishipa yake ya damu, nao ukichezeshwa damu hupita. Lakini historia inaonyesha pia kwamba zoezi la kazini humfaa mfanyakazi pale tu dakika zake zinapotoka kwenye saa anazolipwa, wala hazimegwi kwenye mapumziko yake.

Tazama jinsi mazoezi ya redio yalivyoanza. Marekani, kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilianza kuyatangaza asubuhi mwaka 1925, na hesabu yake haikufichika: mteja anayeishi miaka mingi hulipa ada kwa miaka mingi. Idara ya bima ya posta ya Japani ikaiga, na mwaka 1928 mazoezi yakaanza kusikika huko, katika shamrashamra za kutawazwa kwa Mfalme Hirohito. Wakati wa vita dola iliyatumia kuwapanga raia mstari mmoja. Ndiyo maana baada ya 1945 Wamarekani walioitawala Japani waliyatilia shaka, na matangazo yakakoma kwa muda. Yaliporudi mwaka 1951, yalikuja na seti mpya ya miondoko 13 inayofuata piano na kumalizika kwa dakika tatu na ushee. Mpaka leo mafundi ujenzi wa Japani huifanya kabla ya kushika nyundo. Mwaka huohuo wa 1951 China nayo ikaanzisha mazoezi yake ya redio.

Kwa hiyo anayesema kwamba haya ni mbinu ya kumdhibiti mfanyakazi ana ushahidi, na sitaki kuupuuza. Hata hivyo, nia ya aliyeanzisha jambo haibatilishi faida yake mwilini. Inatudai tuangalie nani anaamua. Wapo pia wanaouliza: mpagazi aliyebeba magunia tangu alfajiri arukerukie nini tena? Swali ni la haki kabisa, na jibu limo katika jaribio la Sechenov, kwa kuwa kilichoupumzisha mkono mmoja ni kazi ya mkono mwingine. Mshona nguo aliyeinamia cherehani anahitaji kusimama na kufungua mabega. Mpagazi anahitaji kiti na maji, na kumwamrisha aruke ni kumwonea. Waajiri nao hulalamika kwamba muda unapotea. Uingereza ililichunguza jambo hili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kupitia kamati ya afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha iliyoundwa mwaka 1915. Saa za kazi zilipopunguzwa, uzalishaji haukuporomoka. Katika baadhi ya karakana ulipanda. Mtu aliyechoka huwepo kazini huku kazi haiendi.

Tanzania, mwishoni mwa 2016, serikali ilitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili ya mazoezi, ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Ni hatua njema, ila uchovu wa cherehani hausubiri Jumamosi, na siku hiyo wengi huihesabu kuwa yao wenyewe. Vyama vya wafanyakazi vinapoketi na waajiri kujadili mkataba wa hali bora, viziandike dakika hizi humo pamoja na malipo yake, na kila karakana ichague miondoko inayolingana na kazi yake.